Boya Lisilo na Betri

MWANAISHA: Karibuni tena. Tumekaa barazani hapa Lamu, kusi linavuma, mkisikia maiki inanguruma mtustahimilie. Athmani ameona video mtandaoni, basi tangu hapo hatulii.

ATHMANI: Nitulie vipi, dadangu? Mtu ana kipande cha plastiki na kipande cha foili, anavipigapiga kwa kiganja, taa ndogo mia zinawaka! Hakuna betri wala waya wa ukutani. Nikasema basi, tuvitie hivi gatini, mawimbi yavigonge, mji mzima uwake.

MWANAISHA: Mji mzima tutaufikia. Hicho ni nanojenereta ya msuguano. Kundi la Profesa Zhong Lin Wang, pale chuo kikuu cha Georgia Tech mjini Atlanta, Marekani, lilikitangaza mwaka 2012. Lakini umeme wenyewe ni ule ule umeme tuli tunaoujua. Ukienda bara, ukivua sweta usiku, inatatarika.

ATHMANI: Huku haitatariki.

MWANAISHA: Hilo liweke, tutalihitaji. Vitu viwili vikigusana, kimoja kinampokonya mwenzake elektroni. Tefloni, aina ya plastiki, hupokonya sana. Nailoni na alumini hutoa kwa urahisi. Vikiwa vimegusana hupati kitu, maana chaji hasi na chanya zimelaliana. Vitenganishe, volti inapanda. Sasa ukiwa na foili nyuma ya kila kimoja, na waya wa kuziunganisha, elektroni zinakimbia kwenye waya kwenda kusawazisha mambo. Vikutanishe tena, zinarudi zilikotoka.

ATHMANI: Kwa hivyo umeme unakwenda na kurudi.

MWANAISHA: Ndiyo maana hutiwa diodi nne, upite njia moja, kisha kapasita ya kuuweka akiba.

ATHMANI: Na hiyo "nano" iko wapi? Niliyoiona ilijaa kiganja.

MWANAISHA: Jina la kurithi. Kifaa chao cha mwaka 2006 kilitumia nyuzi ndogo mno za oksidi ya zinki, na hazikusuguliwa, zilikunjwa. Kilikuwa kitu kingine kabisa.

ATHMANI: Haya, volti ngapi?

MWANAISHA: Mamia. Na hapo ndipo video inapokuhadaa. Chukua volti 200, na mkondo wa mikroampea 10. Zidisha: miliwati 2. Chaja ndogo ya simu ni wati 5, yaani mara 2,500 ya hiyo. Tena miliwati 2 ni za kilele, kiganja kinapogonga. Ukipiga wastani wa dakika nzima, zinabaki chembe tu.

ATHMANI: Lakini taa ziliwaka, nimeziona kwa macho yangu!

MWANAISHA: Ziliwaka, sikatai. Zimefungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Zikifungwa hivyo zinataka volti nyingi na mkondo kidogo, na kifaa hiki hakina kingine cha kutoa.

ATHMANI: Kumbe wamechagua ngoma wanayoijua kuicheza! Basi tuache, turudi kwenye sola?

MWANAISHA: Taa za nyumbani, sola, wala sibishani. Ila mawimbi ni habari nyingine. Jenereta ya sumaku, tangu ya mwanasayansi Faraday mwaka 1831, volti yake hufuata kasi: ukienda polepole unapata kidogo. Wimbi la bahari kuu huja kila sekunde 5, pengine 10. Huo ni mwendo wa kobe. Hii ya msuguano volti yake inatokana na chaji na umbali wa kutengana, kwa hivyo hata mwendo wa polepole unatoa volti ya kutosha kupita kwenye diodi. Ndiyo sababu Wang amekuwa akipendekeza nyavu za mipira inayoelea baharini.

ATHMANI: Mimi nishaanza kuwafikiria punda. Kila kwato ikikanyaga kichochoro...

MWANAISHA: Punda waachie mizigo yao, bwana. Kinachonivutia mimi ni boya. Liweke nje ya Shela, huko bahari ilipo wazi. Kila wimbi linalibinua, kitu ndani kinagusana na kutengana, unapata mpigo mmoja wa umeme. Mpigo huo ndio habari yenyewe! Hesabu muda kati ya mpigo na mpigo, ushajua mawimbi yanafuatana vipi, na nahodha anajua kabla hajafungua kamba.

ATHMANI: Bila betri kabisa?

MWANAISHA: Hapo usikubali haraka. Kihisi hakihitaji betri. Lakini chipu ya kusoma na redio ya kutuma zina njaa yake. Inabidi zilale, kapasita ijae taratibu, ziamke zitume ujumbe mfupi, zilale tena. Mtu akikwambia "kinajiendesha chenyewe", muulize ni kipi hasa kinachojiendesha.

ATHMANI: Na ukubwa wa mpigo? Si utatuambia wimbi ni kubwa kiasi gani?

MWANAISHA: Kwenye maabara, sawa. Sasa lete lile la sweta. Huku haitatariki kwa sababu hewa ina unyevu. Utando mwembamba wa maji unakaa juu ya plastiki na chaji inavuja. Leo mpigo mkubwa, kesho hewa imelowa zaidi, mpigo mdogo, na wimbi ni lile lile. Kwa hivyo mimi ningeamini muda, si kimo.

ATHMANI: Si wazibe tu, maji yasiingie?

MWANAISHA: Wanaziba, mpira ndani ya mpira. Lakini jua letu na chumvi yetu, kizibo gani kitavumilia? Na nyuso zinazosuguana zinalika.

ATHMANI: Nami nina langu. Hapa Lamu ndipo ilipoundwa Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019 kuwaambia watu waache kutupa plastiki baharini. Leo tuje tumwage mipira ya tefloni na silikoni kwa maelfu?

MWANAISHA: Boya moja lenye kamba nzuri, sina neno. Maelfu, ningetaka kujua kwanza ni nani anayeyafuata kamba ikikatika, na kwa mafuta ya nani.

ATHMANI: Wavuvi wataambiwa wayaokote, bure.

MWANAISHA: Basi hilo liandikwe kwenye mkataba kabla boya la kwanza halijashushwa.