Maneno Mapacha Yasiyo Ndugu: Mhadhara Uliotolewa Bagamoyo

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na ndugu zangu mnaowatembeza wageni katika mji huu, nawashukuru kwa kunialika nizungumzie maneno ya Kiingereza yasiyotumika mara kwa mara, ambayo sura zake hutudanganya hata sisi tulioyafundisha kwa miaka mingi.

Nianze na soko la samaki pale ufukweni. Kijana mmoja wa hapa hapa aliniletea karatasi ya maelezo aliyowaandikia wageni ili niisahihishe, na humo akaliita soko hilo “noisome”, akikusudia kwamba lina kelele nyingi wakati wa mnada. Neno hilo halina uhusiano wowote na kelele. Maana yake ni kunuka vibaya, kuchukiza au kudhuru, nalo limetokana na kifupi cha “annoy”, kitenzi kilichofika Uingereza kwa njia ya Kifaransa kutoka maneno ya Kilatini “in odio”, yaani katika chuki. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 inataja “noisome pestilence” katika Zaburi ya 91, na mahali hapo hapo Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea inasema “tauni iharibuyo”. Tukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, tunaiona maana ya kale: neno lilihusu madhara kwanza, harufu ikaja kuungana nayo baadaye. Nakiri, hata hivyo, kwamba mgeni ambaye angeisoma karatasi ile saa saba mchana, amesimama kando ya matumbo ya samaki, asingekuwa na la kubisha.

Lipo pia “enervate”, ambalo wengi hulidhania kuwa ni kutia nguvu kwa sababu linafanana na “energise”. Kwa asili ni kumkata mtu kano zake, na kwa hiyo ni kumdhoofisha. Anayemwambia mgeni kwamba upepo wa kusi ni “enervating” hajausifu upepo huo.

Jozi inayostahili muda zaidi ni “prescribe” na “proscribe”. Yote mawili yametoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuandika, na tofauti imo katika kiambishi cha mwanzo. La kwanza ni kuandika kabla, yaani kuelekeza, kama afanyavyo daktari anapomwandikia mgonjwa dawa. La pili ni kuandika hadharani, na hapo ndipo historia yake inapotisha: mwaka 82 KK, jemadari wa Kirumi Sulla alipoitwaa Roma kwa vita, alibandika hadharani orodha za majina ya mahasimu wake, na aliyetajwa humo aliweza kuuawa na yeyote, muuaji akalipwa, na mali ya marehemu ikauzwa kwa mnada. Maana ya leo ya kupiga marufuku ni mabaki yaliyopoa ya orodha zile. Tusiwacheke Waingereza wanaoyachanganya, maana sisi wenyewe tunachanganya kuthamini na kudhamini, ingawa la kwanza limetoka katika neno la Kiarabu la bei na la pili katika lile la dhamana. Katika mkopo wa benki, mthamini huja kuitazama nyumba yako akaondoka, ilhali mdhamini ndiye atakayelipa ukikimbia.

Sasa nije kwenye “internecine”, neno ninalolipenda kuliko yote haya, kwa kuwa maana yake ya leo ilizaliwa na kosa la msomi mkubwa. Kwa Kilatini lilikuwa neno la mauaji ya kumaliza kabisa, na kiambishi “inter” humo kilitia mkazo tu. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alikichukulia kiambishi hicho kwa maana yake ya kawaida ya “baina ya”, akaeleza kwamba neno linahusu kuangamizana. Wasomaji wakamwamini, na leo vita vya “internecine” ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anayeng’ang’ania maana ya Kilatini ndiye atakayeeleweka vibaya.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na walimu wanaofundisha kwamba shina la neno ndiyo maana yake ya kweli. Shina husaidia kukumbuka, lakini halihukumu. “Meritorious”, linalostahili sifa, na “meretricious”, lenye mvuto wa nje tu, yanatoka katika kitenzi kimoja cha Kilatini cha kuchuma na kustahili, isipokuwa la pili limepitia kwenye neno la kahaba, anayechuma kwa mwili wake. Hata jina la mji huu mnalielezea wageni kila siku kwa njia mbili: wapo wanaosema kubwaga moyo ni pumziko la wapagazi waliotua pembe za ndovu baada ya safari ndefu ya bara, na wapo wanaosema ni majonzi ya mateka waliokata tamaa kabla ya kuvushwa bahari. Kitenzi ni kile kile, wala hakituambii aliyekuwa akisema alikuwa nani.

Naona mwalimu aliyeketi nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja samaki. Karibu, mwalimu.