Maji Hayamngoji Bibi Arusi

(Mhadhara kwa waongoza wageni na wenye boti, Tanga)

Ahsante, mwenyekiti. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Naona wanaonijua washaanza kutabasamu, wanajua nitasema nini. Nitasema tena, mpaka siku mtakayonizika: safari ya visiwani hupangwa kwa upepo na maji. Picha haipangi safari.

Tuanze na Ushelisheli, maana kijana wa utalii wa hapa mjini akitaka kunifunga mdomo hunitajia Ushelisheli. Visiwa 115, wenyewe laki moja na ushee. Zamani Mwingereza alipomchoka mfalme, alimtupa huko. Mwanga wa Buganda alipelekwa 1899, akafia huko 1903. Palichaguliwa kwa sababu ukishafika, hutoki. Uwanja wa ndege wa kimataifa haukuanza kutumika mpaka 1971, na kabla ya hapo ilikuwa ni meli tu. Leo watu wanalipa fedha nzito wafungiwe palepale. Biashara hiyo, bwana!

Basi mgeni anashuka Mahé, kisiwa chao kikuu. Anapanda boti ya kwenda Praslin, mwendo wa saa moja hivi, kisha nyingine ya dakika 15 mpaka La Digue. Kwenye karatasi ni mteremko. Lakini kapanga Julai! Julai ni upepo wa kusi, na kusi ya kwao ndiyo kusi yetu. Bahari ya Praslin inachafuka, abiria wanatapikiana, na fukwe zinazotazama upepo zinajaa mwani. Akikimbilia Januari, anakutana na mvua. Aprili na Oktoba ndiyo miezi yake, maleleji, pepo zinapopokezana. Nahodha wa Sahare hapa Tanga hajawahi kukanyaga Mahé, lakini muulizeni tu, atawajibu hayohayo. Yule mwenye ofisi na kiyoyozi hajui.

Mtu ataniambia, mzee, siku hizi kuna ndege. Ipo, Mahé mpaka Praslin. La Digue haina uwanja. Utapanda boti tu.

Na mwingine, namwona pale, anasema moyoni: sisi wa Tanga na Ushelisheli wapi na wapi? Wapi na wapi ni kwamba mgeni aliyetoka huko ndiye huyo huyo anayekuja kwako kesho, na anadhani bahari zote zina tabia moja. Mahé maji hayapandi hata meta 2. Kwetu, wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita meta 3. Hiyo ni nyumba, jamani! Nyumba ya chini inafunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku.

Sasa nisikilizeni habari ya Maziwe, kile kisiwa cha fungu la mchanga mbele ya ufukwe wa Ushongo, Pangani. Najua mmeisikia. Wapo wageni.

Nilikuwa Ushongo, mwezi mpevu, siku yake ya 15, bamvua yenyewe. Likaja kundi la harusi kutoka mjini, wamevaa sare, wana mikeka, spika kubwa na sufuria la pilau lililofungwa kwa kanga. Wanakwenda kupigia picha Maziwe. Saa ngapi? Saa 8 mchana! Nikamfuata nahodha, kijana mdogo tu, nikamwambia, mwanangu, bamvua maji hukupwa kwenye saa 4 asubuhi, na saa 10 jioni yamejaa. Unawapeleka wapi hawa? Akatoa simu. Akaniambia, mzee, hapa inaonyesha jua.

Jua lilikuwepo, sikatai.

Wakaenda. Mimi nikaagiza chai nikakaa ufukweni. Jioni wanarudi, spika kimya. Walifika pale pa kisiwa, kisiwa hakuna; maji ya samawati na boti inazunguka. Pilau wamelilia botini, sahani zikapokezana, moja ikaenda na bahari. Bibi arusi pindo la shela limelowa mpaka magotini na hamsemeshi mumewe. Yule kijana akapita mbele yangu akitazama upande wa pili. Asubuhi ile ile, saa 4, fungu lote lilikuwa nje, jeupe, wangecheza hata mdundiko.

Na Maziwe hakikuwa fungu siku zote. Wazee hapa wanaikumbuka mivinje yake. Kilitangazwa hifadhi 1975, kasa wakipanda kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa. Leo kasa akitaga pale, mayai yanahamishiwa Ushongo, maana yakiachwa yatazama. Hilo mweleze mgeni wako. Ni hadithi nzuri kuliko spika.

Kwa hiyo, kalenda ya mwezi ukutani, karibu na bei. Bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo Maziwe asubuhi. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, hesabu mwenyewe. Maji yakiangukia vibaya, mpeleke mgeni kisiwa cha Toten, hapa mbele ya mji, akaone magofu ya misikiti, na usione haya kumwambia kwa nini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na habari ya bei, naiacha. Maboya: awe nalo kila abiria, sitaki mjadala. La tatu, mtu mwenye siku 5 usimbebeshe visiwa 4. Kila kuhama ni nusu siku, kufunga mizigo, kungoja boti, kufungua mizigo, kutafuta chaja. Wenzetu La Digue wanampa mgeni baiskeli na kumwacha azunguke.

Na silikanti, yule samaki wa kale. Tunayo hifadhi yake tangu 2009, tujivunie. Lakini samaki huyo anakaa kilindini, na nasikia yupo mtu hapa mjini anawaahidi wageni watamwona kwa miwani ya kuogelea. Sikutaji. Umekaa safu ya tatu.

Haya, maswali. Kijana wa nyuma, simama. Kama ni habari ya Maldivi, kaa.