Sebule Nayo Ni Jukwaa: Muziki wa Nyumbani na Haki ya Anayeucheza

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wanamuziki wa kujitegemea na wenye nyumba wanaotaka kuwakaribisha

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika na mvua yote hii.

Nimeombwa nizungumzie maonyesho ya nyumbani. Mwanamuziki asiye na kampuni wala meneja anaalikwa kwenye sebule ya mtu, watu ishirini au thelathini wanakaa karibu naye, naye anaimba nyimbo zake mwenyewe bila kushindana na kelele za baa. Wapo wanaosema huu ni mtindo wa kigeni ulioletwa na vijana wa Nairobi. Wapo wengine wanaodhani ni njia ya kupata burudani ya bure, kwa kuwa nyumbani hakuna mlango wa kukata tikiti. Sikubaliani na hao wala hao. Huku kwetu muziki wa nyumbani ni wa kale kuliko baa zote za Kondele, na tangu zamani ulilipiwa hadharani, kila mtu akiona.

Tuanze na nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Wengi wenu mmeisikia redioni au kwenye spika za matanga, lakini ni wangapi wamekaa hatua mbili tu kutoka kwa mpigaji? Anakaa kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala ubavuni mwake, nyuzi nane zimevutwa juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, na kwa pete hiyo anagonga mti wa chini wa nyatiti yenyewe. Mguuni amefunga njuga, gara. Vidole vinazungumza, mguu unajibu, sauti inaingia katikati. Ukiwa mbali, au kipaza sauti kikiwa kimeelekezwa kwenye nyuzi peke yake, ule mguu unapotea, na mguu ukipotea umebaki na nusu ya wimbo. Chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya watu walioketi karibu, kwenye boma, penye pombe ya harusi au penye msiba.

Na malipo je? Wajaluo wana pakruok. Msikilizaji anainuka, anaweka pesa mbele ya mpigaji, muziki unatulia, naye anajisifu: yeye ni nani, ametoka wapi, rafiki zake ni akina nani, mpenzi wake ana sifa gani. Akimaliza, nyuzi zinaendelea pale zilipoachia. Hakuna aliyeona aibu kutoa wala kupokea. Pesa ilikuwa sehemu ya onyesho, na mpigaji alirudi kwake akijua amefanya kazi.

Ukivuka kwenda kwa Waluhya, utakuta mtindo wa gita uitwao omutibo, ambao George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, aliufikisha mbali kuliko wengi. Gita kavu, linachezwa kwa vidole, na kando yake mtu mwenye chupa ya Fanta anakwaruza mistari ya ile chupa kushika mapigo. Abana ba Nasery wa Bunyore walifanya hivyo hivyo: magita mawili na chupa. Hebu fikirini bendi nzima inayoingia sebuleni bila kuhitaji plagi hata moja! Stima ikikatika, na mnajua jinsi inavyokatika, washeni mshumaa, wimbo uendelee.

Sisemi kila muziki unafaa chumbani. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, inataka uwanja, vumbi na watu wanaocheza kwa miguu yao. Ukiifungia kati ya makochi unaitesa ngoma na kuwatesa waliokaa. Ohangla ya siku hizi, ngoma ya Wajaluo iliyoongezewa kinanda na spika kubwa, nayo ina mahali pake. Anayeandaa lazima ajue chombo gani kinaomba nafasi gani.

Sasa tuangalie nje kidogo. Mwaka 2009 jijini London palianzishwa Sofar Sounds: wageni wachache kwenye sebule ya mtu, wasanii kadhaa wasiojulikana sana, na sharti kubwa kwamba watu wakae kimya wasikilize. Utaratibu huo ukaenea kwenye miji mingi duniani. Lile sharti la kimya ninalipenda kwa moyo wote. Mtunzi aliyekesha na beti zake anastahili kusikika mpaka silabi ya mwisho.

Lakini kimya cha London na pakruok yetu vinavutana, na hapa ndipo nataka wanamuziki mnisikilize vizuri. Kama wageni watakatiza kila wimbo kwa sifa zao, mtunzi mwenye wimbo mpole atazama. Kama watakaa kimya mwanzo mpaka mwisho kama walio kwenye mtihani, tutakuwa tumeua kitu chetu. Ninavyofanya mimi katika nyumba ninazosaidia kuandaa ni hivi: nyimbo za kwanza ni kimya, simu mfukoni. Baadaye mwanamuziki mwenyewe anafungua nafasi, anapunguza mkono kwenye nyuzi, na anayetaka kujisifu anakuja mbele na chake mkononi. Mwanamuziki ndiye anayefungua, na ndiye anayefunga. Siku hizi wengi hutuza kwa M-Pesa, nami sina ugomvi nayo, ila ninawaomba wajisifu kwa sauti wakati wa kutuma, maana pesa inayoingia kimyakimya kwenye simu haimtii mtu nguvu kama ile iliyotolewa mbele ya watu.

Kutuza ni nyongeza. Haitoshi kuwa malipo yenyewe. Kiingilio kitajwe kwenye mwaliko. Tuseme watu thelathini, kila mmoja shilingi 500: hiyo ni 15,000. Toa chai na mandazi, toa nauli ya tuktuk ya kubeba vyombo, inayobaki ni ya mwanamuziki. Pigeni hesabu hiyo kando ya mtandao, ambako wimbo kusikilizwa mara moja hulipa chini ya shilingi moja, na ambako Spotify tangu mwaka 2024 hailipi kabisa wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12. Jioni moja ya sebuleni yaweza kumlipia kijana wa mtaa wa Manyatta kodi ya nyumba.

Na msiseme "mpe nafasi ajulikane." Neno hilo limewaumiza wengi. Hata huko ng'ambo jambo hili halikuwa safi: mwaka 2020 hao hao Sofar walikubaliana na Idara ya Kazi ya jimbo la New York kulipa zaidi ya dola 460,000 kwa watu waliokuwa wamefanya kazi ya maonyesho bila malipo. Tuchukue funzo mapema. Anayebeba viti alipwe, anayeimba alipwe, na mwenye nyumba arudishiwe gharama zake.

Nina neno kwa akina dada. Nyatiti na orutu, ile fidla ya uzi mmoja, kwa desturi vilikuwa vya wanaume. Leo dada yetu Labdi anapiga orutu mbele ya umma, na nyuma yake wapo wasichana wanaojifunza. Msichana anayeanza akipelekwa kwenye klabu saa sita za usiku, nusu ya akili yake iko kwenye wimbo, nusu iko kwenye usalama wa kurudi nyumbani. Sebule ya mama anayejulikana mtaani, jioni mapema, inamrudishia akili yote. Mwenye nyumba, ni jukumu lako kujua msanii wako anarudi vipi na na nani. Usimwachie bodaboda asiyemjua.

Kuhusu chumba chenyewe, piga kofi moja katikati kabla watu hawajaingia. Mlio ukirudi mkali, ni vigae na kuta tupu: tandika zulia, teremsha mapazia, rudisha makochi na vile vitambaa vyake. Watu wakijaa, nguo zao zitameza sauti zaidi, kwa hiyo usiogope chumba kikivuma kidogo wakati wa kujaribu. Usimkalishe mwanamuziki mbele ya dirisha la kioo. Mpiga nyatiti aliye kwenye kigoda, wakalishe wa mbele kwenye mikeka, la sivyo wa nyuma hawataona ule mguu niliousema. Nyumba ya mabati isiyo na dari muiepuke kuanzia Machi hadi Mei, maana mvua ikishuka, sauti ya binadamu haina la kufanya.

Majirani waambieni siku moja kabla, waziwazi, na mmoja wao aalikwe. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango kinachoruhusiwa kwenye makazi kinashuka kuanzia hapo. Anzeni saa kumi na moja. Saa mbili kasoro watu wawe wanaaga.

La mwisho ni simu za kurekodi. Wimbo ambao haujatoka ni mali ya mtunzi. Aulizwe kabla, na akisema hapana, iwe hapana, hata kama anayeuliza ndiye mwenye nyumba.

Nafungua maswali. Naomba wenye nyumba muanze: nani ana sebule Migosi, Nyalenda au Milimani, na ni nini hasa kinachowatia wasiwasi?