Mtani Kaburini

Mtwara! … Kuchele. Ahsanteni. Hiyo feni naomba mtu aizime, tutatoka jasho kidogo lakini tutasikilizana.

Nimeitwa nizungumzie maonesho ya vichekesho ya kuchangia haki za binadamu. Nitaanzia msibani.

Tulikuwa Newala, tunamzika mjomba. Jeneza limefika, shehe yuko tayari, tukachungulia kaburini: mtani wa marehemu kajilaza chali humo, mikono kifuani. "Sitoki! Huyu kafa na deni langu la uraka, pombe ya mabibo!" Shehe akaangalia chini. Shangazi, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajanyanyua uso, akacheka kwenye kanga. Noti zikaanza kushuka. Jamaa anazihesabu huko huko chini: "Haya, mguu mmoja nautoa. Na huu mwingine?"

Huruma tulikuwa nayo tangu asubuhi, na mifuko ilikuwa imefungwa. Kicheko ndicho kilichoifungua.

Wazungu nao walikuja kuligundua. Mwaka 1961 wakili Peter Benenson alianzisha Amnesty International mjini London, kuwatetea watu waliofungwa kwa sababu ya maoni yao. Mwaka 1976 mchekeshaji John Cleese akawaita wenzake, wakapanda jukwaani usiku tatu kuichangia. Onesho la 1979 wakalipa jina ambalo mimi nalitafsiri "Dansi la Askari Kanzu". Yaani yule anayekufuata gizani, leo anakatiwa tiketi. Humo alikuwemo kijana Rowan Atkinson, huyu mnayemjua kama Mr. Bean. Na kwa kuwa walirekodi filamu na sahani, hela iliendelea kuingia hata taa za ukumbi zilipozimwa.

Lakini ninayempenda zaidi ni Peter Cook. Juni ya mwaka huo huo wa 1979 mwanasiasa wa Uingereza Jeremy Thorpe alikuwa ameachiwa huru katika kesi ya kula njama ya kuua, baada ya jaji kuwaponda mashahidi mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Siku chache tu baadaye, Cook akatoka jukwaani na wigi la jaji: anamtukana shahidi mmoja mmoja kwa sauti ya upole kabisa, kisha anawaambia wazee, uamuzi ni wenu. Majina aliyapindapinda kidogo tu. Ukumbi mzima ulimjua jaji anayesemwa.

Angalieni pale alipoelekeza mzaha: juu, kwenye kiti. Hapa nina aibu yangu. Onesho letu la kwanza lilikuwa la kuchangia wanawake wanaopigwa majumbani. Mimi nikaigiza mke anayekimbia kwa kuchechemea, kanga inaburuzika. Watu wakacheka sana. Mama mmoja safu ya tatu akachukua mkoba wake akatoka, na akichechemea kweli. Sijaigiza kile kipande tena. Na boksi la michango, kwa ujinga wetu, tuliliweka mlangoni. Watu walilipita wakikimbilia bodaboda.

Mngetaka mzaha wa kwenda juu? Uko tele. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti aolewe na miaka 15, kijana wa kiume asubiri 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinakiuka Katiba. Mwigizeni baba anayempeleka bintiye kama korosho mnadani, anabishana daraja la kwanza au la pili. Binti mwenyewe mwacheni asimame wima, asichekwe.

Na fanyeni msimu wa korosho, malipo yakishaingia. Machi mtacheka bure. Tajeni hela inakwenda wapi: nauli ya msaidizi wa kisheria kutoka Tandahimba, kutoa kopi za hati, chakula cha shahidi anayelala mjini akisubiri kesi iitwe. Kapu lipite katikati ya onesho, mbavu zikiwa bado zinauma.

Hilo hapo, nimekuja nalo. Nani humu ni mtani wa Wamakonde? Njoo ulale hapa mbele, na usiamke mpaka waseme mguu wa pili wanautoa kwa shilingi ngapi.