Cheti cha Ndoa na Cheti cha Kifo

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nieleze jinsi ndoa za watu wa jinsia moja zilivyopata kukubalika, kisheria na kijamii, katika nchi zilizozikubali. Najua humu ukumbini wapo wanaoona hiyo ni haki iliyochelewa, na wapo wanaoona ni upotofu mtupu. Sikuja kuwapatanisha. Nimekuja na hoja moja tu, nayo ni ya kisheria: ukifungua majalada ya kesi zilizobadilisha sheria hii, mara nyingi humkuti bibi harusi. Unamkuta marehemu.

Mchukulieni Edith Windsor wa New York. Yeye na Thea Spyer walichumbiana mwaka 1967. Pete hawakuvishana, kwa sababu wenzake kazini wangeuliza mchumba ni nani. Spyer akampa bruchi ya almasi abandike kwenye nguo. Wakaishi pamoja miaka arobaini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo Windsor alikuwa akimuuguza mwenzake aliyepooza taratibu. Mwaka 2007 wakasafiri kwenda Toronto kufunga ndoa. Spyer akafariki mwaka 2009. Serikali ya Marekani ikamwandikia Windsor kodi ya mirathi: dola 363,053. Angekuwa amefiwa na mume, asingedaiwa hata senti. Lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, ilisema kwamba mbele ya serikali kuu ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Kwa hiyo kwenye vitabu vya kodi Windsor hakuwa mjane. Alikuwa mtu baki aliyeachiwa mali.

Tarehe 26 Juni 2013 Mahakama ya Juu ikakifuta kipengele hicho, majaji watano kwa wanne.

Siku hiyohiyo, huko Cincinnati, Jim Obergefell alikuwa ameketi kando ya kitanda cha John Arthur, waliyeishi pamoja zaidi ya miaka ishirini. Arthur alikuwa na ugonjwa wa neva unaokausha misuli, na wote wawili walijua mwisho umekaribia. Habari ya hukumu ilipotangazwa, Obergefell akamwomba waoane. Jimbo lao la Ohio halikuruhusu. Jamaa na marafiki wakachanga pesa ya kukodi ndege ya wagonjwa, wakaruka hadi Maryland, wakafungishwa ndoa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani Baltimore, kisha wakageuza na kurudi nyumbani. Aliyewafungisha ni shangazi yake Arthur.

Kilichofuata ndicho kinachonihusu mimi kama mwalimu wa sheria. Mwanasheria mmoja aliwatembelea na kuwaonyesha fomu ya cheti cha kifo cha Ohio. Akawauliza kama wanafahamu kwamba Arthur akifa, fomu ile itasema hakuwa ameoa, na pale panapoandikwa jina la mwenzi aliyebaki patabaki patupu. Hawakuwa wamelifikiria. Wakafungua kesi wakipinga jambo moja tu, jinsi cheti kitakavyojazwa. Arthur akafariki Oktoba mwaka huohuo. Kesi ikapanda ngazi, ikaunganishwa na nyingine kutoka Michigan, Kentucky na Tennessee, na tarehe 26 Juni 2015, miaka miwili kamili baada ya ushindi wa Windsor, ndoa ya jinsia moja ikawa halali katika majimbo yote 50.

Sasa linganisheni na hili. Mwaka 1970 wanaume wawili huko Minnesota waliomba leseni ya ndoa, wakanyimwa, wakashtaki. Kesi yao ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1972, ilitupwa kwa sentensi moja: hakuna hapa swali la maana la sheria ya shirikisho. Wale walikuwa wazima, wanataka kuoana, basi. Majaji hawakuona kama kuna kitu cha kuamua.

Msidhani haya ni mambo ya Wamarekani peke yao. Huko Vienna, Siegmund Karner aliishi na mwenzake katika nyumba ya kupanga. Mwenzake akafa mwaka 1994, mwenye nyumba akamtaka Karner ahame, na mahakama ya juu ya Austria ikaamua kwamba neno "mwenzi wa maisha" katika sheria ya upangaji halimhusu mtu wa jinsia moja na marehemu. Karner mwenyewe alifariki kabla kesi haijasikilizwa Strasbourg. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliendelea nayo hata hivyo, na mwaka 2003 ikasema alibaguliwa. New York walikuwa wameshalipitia suala hilohilo mwaka 1989, wakati UKIMWI ukiua vijana wa mji ule na walioachwa wakifukuzwa kwenye nyumba walizouguza na kuzikia. Mahakama ya rufaa ya jimbo iliamua kwamba aliyebaki ni familia, na haondolewi.

Ni UKIMWI, kwa maoni yangu, uliogeuza mawazo ya wapenzi wa jinsia moja wenyewe. Kabla yake, wanaharakati wengi hawakuitaka ndoa kabisa. Waliiona ni taasisi ya kizamani, ya kuwafunga wanawake jikoni. Kisha ikaja miaka ya kusimama mlangoni mwa wodi na kuulizwa, "Wewe ni nani kwa mgonjwa?" Mtu aliyemlisha mwenzake kwa kijiko miezi minane hakuwa na jibu ambalo nesi angeweza kuliandika. Ndugu wa marehemu, ambao pengine walikuwa wamemkana, walifika wakachukua maiti, wakachukua na samani. Mambo haya hayatatuliwi kwa wosia tu. Wosia unagawa mali. Hauwezi kukupa pensheni, wala kukuondolea kodi, wala kukufanya uwe ndugu.

Tena ndivyo ndoa ilivyo kwa kila mtu. Nani kati yenu mliooa na kuolewa anajua cheti chake kiko droo gani? Wakati wote wawili mko hai na mnaelewana, sheria haina kazi nanyi. Inaamka mtu akiugua, akifa, au mkigombana.

Suluhisho la kwanza lililojaribiwa lilikuwa kutoa karatasi bila kutoa jina. Denmark ilianza mwaka 1989 na kile walichokiita ubia uliosajiliwa: urithi, kodi, pensheni, vyote karibu sawa na wanandoa, ila kuasili watoto hapana. Nchi nyingine za Skandinavia zikafuata. Uingereza ikafanya vivyo hivyo mwishoni mwa mwaka 2005. Kwa mwanasheria anayepima maneno yake hii ilionekana njia safi sana, lakini haikudumu. Mara jamii inapokubali kwamba watu hawa wawili wanarithiana, wanatunzana na wanalipa kodi pamoja, inakuwa vigumu kueleza kwa nini jina liwe tofauti. Uholanzi ndiyo iliyovuka kwanza. Usiku wa manane kuingia tarehe 1 Aprili 2001, meya wa Amsterdam, Job Cohen, alifungisha ndoa nne za kwanza. Ubelgiji ikaja mwaka 2003, Hispania na Kanada mwaka 2005. Leo nchi zenye sheria hiyo zinakaribia arobaini, na Thailand imejiunga Januari 2025.

Afrika ni moja tu, na inastahili kutazamwa kwa makini. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kijinsia, kwa maneno yaliyo wazi. Mahakama ya Katiba haikurukia ndoa. Mwaka 1998 ilianza kwa kufuta sheria iliyofanya mapenzi ya wanaume kwa wanaume kuwa jinai, ikaja uhamiaji wa wenzi, halafu mwaka 2002 pensheni ya jaji mmoja aliyetaka mwenzake apate mafao kama mjane wa jaji mwingine yeyote. Desemba 2005, Jaji Albie Sachs akiandika hukumu, mahakama ikalipa Bunge mwaka mmoja kurekebisha sheria. Bunge lilipitisha, na sheria ikaanza tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kwisha. Wananchi wengi hawakuwa tayari. Hata maofisa wa serikali waliruhusiwa kukataa kufungisha ndoa hizo kwa sababu za dhamiri, mpaka kifungu hicho kilipofutwa mwaka 2020. Yaani sheria ilitangulia, jamii ikaachwa nyuma ikivutwa mkono, na bado inavutwa.

Ireland ilikwenda kinyume chake. Kule vitendo vya mapenzi ya jinsia moja vilikuwa jinai hadi mwaka 1993. Talaka yenyewe iliruhusiwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1995, kwa tofauti isiyofika asilimia moja. Miaka ishirini baadaye, Mei 2015, nchi hiyohiyo ya Kikatoliki ikapiga kura kuhalalisha ndoa ya jinsia moja, na asilimia 62 wakasema ndiyo. Kampeni ile haikufanywa kwa lugha ya haki za binadamu. Wazazi walisimama mbele ya majirani zao wakamtaja mtoto wao kwa jina. Rais mstaafu Mary McAleese, Mkatoliki wa kusali kweli, alizungumza hadharani akiwa mama wa kijana anayependa wanaume wenzake. Ni rahisi kulaani kundi la watu. Kumlaani mtoto wa jirani uliyemwona akikua ni kazi nyingine.

Huo ndio ufafanuzi ninaouamini kuhusu maoni ya jamii. Taasisi ya Gallup ilipowauliza Wamarekani mwaka 1996, asilimia 27 ndio waliounga mkono. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 71. Vifo vya wazee na kuzaliwa kwa vijana havitoshi kueleza mabadiliko ya haraka hivyo. Ni lazima watu walewale walibadili mawazo.

Niliulizwa kabla hatujaanza: mbona basi nchi nyingine zinakaza sheria badala ya kulegeza? Angalieni tarehe. Sheria ya Clinton ni ya mwaka 1996, baada ya mahakama ya Hawaii kuonyesha mwaka 1993 kwamba huenda ikaruhusu. Massachusetts ikaanza kufungisha ndoa Mei 2004. Novemba ya mwaka huohuo majimbo kumi na moja yakapiga kura kuziandika marufuku katika katiba zao. Uganda ikaongeza marufuku katika katiba mwaka 2005. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 45, inampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Katiba za uhuru hazikuwa na vifungu hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiliwaza jambo hilo. Marufuku huandikwa pale kitu kinapoanza kuwezekana mahali fulani, hata kama ni mbali.

Kuhusu dini nitasema kidogo. Nchi hizi zilibadili ndoa ya serikali, si ya kanisa wala ya msikiti. England na Wales, katika sheria ya mwaka 2013, walifika mahali pa kulizuia kisheria Kanisa la Anglikana lisifungishe ndoa hizo, ili pasiwe na wa kulishtaki. Kama mna hoja ya kidini, na ni haki yenu kuwa nayo, ielekezeni panapohusika.

Wala msiichukue safari hii kama treni isiyorudi nyuma. Novemba 2008 wapiga kura wa California walizifuta ndoa ambazo mahakama iliziruhusu miezi michache kabla. Wenzi takribani 18,000 waliokwisha kuoana wakabaki wameoana, na waliochelewa wakakosa, mpaka mwaka 2013. Taiwan, baada ya Mahakama ya Katiba kuamua mwaka 2017, wananchi walipiga kura ya kukataa mwaka 2018, na Bunge likalazimika kutunga sheria ya pembeni mwaka 2019 bila kuigusa sheria ya ndoa yenyewe. Miongoni mwa Warepublican wa Marekani, uungaji mkono ulifika asilimia 55 kisha ukashuka hadi 41 mwaka 2025. Mwaka 2022 Jaji Clarence Thomas aliandika waziwazi kwamba hukumu ya Obergefell ifikiriwe upya. Mwezi Desemba Bunge lao likajibu kwa sheria inayoyataka majimbo yaitambue ndoa iliyofungwa kwingine. Haiyalazimishi kufungisha.

Nimalizie Japani, ambako ndoa hizi bado hazijaruhusiwa. Tangu mwaka 2015 wilaya ya Shibuya mjini Tokyo imekuwa ikitoa cheti cha ubia, na halmashauri nyingi zimeiga. Kinasaidia kupanga nyumba na kumwona mgonjwa hospitali, lakini hakirithishi kitu. Sasa kuna bwana mmoja ambaye mwenzake wa miaka ishirini aliuawa mwaka 2014. Aliomba fidia ambayo serikali huwapa wafiwa wa waliouawa, akakataliwa, akashindwa mahakama mbili. Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba mwenzi wa jinsia moja anaweza kuhesabiwa katika sheria ile, na jalada likarudishwa chini ili ichunguzwe kama kweli waliishi kama wanandoa.

Asanteni. Nadhani maswali yapo mengi.