Protini Iliyokosekana na Hofu ya Hemogramu

OCHIENG: Karibuni tena. Tuko Nairobi, mimi ni Ochieng, na Mwende wetu wa maabara yuko hapa na chai yake. Mwende, kuna dada wa Umoja ametutumia ujumbe wa sauti. Alipimwa tu kwa ajili ya kazi mpya, hana hata mafua. Hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ikatoka na mshale wa kushuka kwenye nyutrofili, aina ya chembe nyeupe. Akaambiwa huenda akahitaji kutolewa uboho kidogo ukapimwe. Hajalala.

MWENDE: Zilikuwa ngapi?

OCHIENG: 1,300 kwa mikrolita.

MWENDE: Na karatasi inasema kiwango cha chini cha kawaida ni 1,500. Sawa. Nianze na chembe nyekundu.

OCHIENG: Lakini yeye ameuliza nyeupe!

MWENDE: Vumilia, bwana. Kwenye utando wa chembe nyekundu kuna protini inaitwa Duffy. Imepenya utando huo mara saba, inaingia na kutoka. Ilijulikana London mwaka 1950, kwa mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, aliyeongezewa damu mara nyingi hadi mwili wake ukatengeneza kingamwili za kuipinga. Protini ikapewa jina la huyo mgonjwa.

OCHIENG: Kazi yake ni nini?

MWENDE: Inanasa kemokini, zile ishara mwili unazotuma kuita chembe nyeupe penye uvimbe. Inazishika tu, haipitishi ujumbe wowote ndani ya seli. Sasa, wewe na mimi, na watu wengi sana kusini mwa Sahara, hatuna hiyo protini kwenye chembe nyekundu.

OCHIENG: Wacha! Tumezaliwa na upungufu?

MWENDE: Hata kidogo. Herufi moja ya DNA imebadilika, pale panapowasha jeni hiyo kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu. Kwenye kuta za vishipa vidogo vya damu protini iko kama kawaida. Na kuikosa kumetufaa: kimelea cha malaria kinachoitwa vivax huitumia hiyo protini kuingia kwenye chembe. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na Duffy waliojitolea kuumwa na mbu wenye vivax hawakuambukizwa.

OCHIENG: Kwa hiyo mtu wa Kisumu anaugua malaria ya nini?

MWENDE: Falsiparamu, kimelea kingine cha malaria, na hicho hakihitaji Duffy, kina njia zake. Ndiyo maana ndugu zangu wa nyumbani wanaendelea kulala ndani ya neti. Hata vivax usiidharau: mwaka 2006 watafiti waliripoti dalili zake magharibi mwa Kenya, kwa watu wasio na Duffy. Madagascar pia, 2010.

OCHIENG: Turudi kwa dada, mwenzangu. 1,300.

MWENDE: Watu wasio na Duffy huwa na nyutrofili chache kwenye damu, na uhusiano huo wa kijenetiki uliwekwa wazi 2009. Wakati huohuo hawapati maambukizi zaidi ya wengine. Utafiti wa 2017, mwingi ukiwa wa panya, unaonyesha nyutrofili zao huacha mkondo wa damu na kuingia kwenye tishu, kama wengu, kwa urahisi zaidi. Sindano yangu ya mkononi haichoti zilizoko kwenye wengu. Ni kama kuhesabu matatu zilizopaki stendi ya Ngara saa mbili asubuhi, halafu utangaze Nairobi haina usafiri.

OCHIENG: Sasa hiyo 1,500 ilitoka wapi?

MWENDE: Kwa watu wenye Duffy, wengi wao. Na inaumiza, mimi hapa huwa nakasirika. Mgonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, akiwa na nyutrofili chache ananyimwa klozapini, dawa inayofaa pale nyingine zimeshindwa. Marekani walilegeza mwaka 2015: kwa mwenye hali hii ya kuzaliwa nayo, dawa inaweza kuanzishwa kuanzia 1,000. Mgonjwa wa saratani naye anaahirishiwa kemotherapia, au anapunguziwa dozi, kwa namba ambayo ni yake tangu utotoni.

OCHIENG: Afanye nini sasa?

MWENDE: Atafute hemogramu zake za zamani, hata ile ya kliniki ya wajawazito kama anayo. Kama siku zote amekuwa 1,200, 1,400, hapo tayari kuna jibu. Arudie kipimo akiwa mzima, na amuulize daktari kama aina ya damu ya Duffy inaweza kupimwa. Kemikali za kipimo hicho zipo, ila si kila maabara inayo.

OCHIENG: Na uboho?

MWENDE: Kama chembe nyekundu na chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko sawa, na hana homa wala vidonda vya mdomo vinavyorudi, mimi ningemwomba daktari asubiri. Nyutrofili zikishuka chini ya 500, au akipata homa kali, hiyo si habari ya Duffy tena. Aende hospitali siku hiyohiyo.

OCHIENG: Dada wa Umoja, umesikia. Tafuta zile karatasi.