Kusafisha vioo vya nyumba mpya bila kuvikwaruza: kwa wanaoanza kazi

Habari za leo wadau, karibuni tena. Tupo Shanty Town, hapahapa Moshi. Nyumba ndiyo kwanza imeisha, mafundi rangi wametoka jana, mwenyewe anahamia Jumamosi. Dogo, sogea na simu uwaonyeshe. Hizo nukta nyeupe ni rangi. Huo ukungu wote ni vumbi la taili. Na pale kwenye kona, hicho kilichokauka kama ukoko wa ugali, ni saruji. Nyumba mpya ndiyo inayolipa kwenye hii kazi, na ndiyo inayowatoa wengi wanaoanza, kwa sababu ya kitu kimoja ambacho leo nitakisema mpaka mnichoke.

Ila ndoo bado. Kwanza nazunguka na mwenye nyumba. "Shikamoo mama, naomba tupite dirisha moja moja." Tunapita. Kila mkwaruzo ninaoukuta napiga picha, na yeye anauona kwa macho yake. Dogo, njoo karibu hapa, karibu zaidi. Mnaona vidoti vya kahawia? Pitisha ukucha, unahisi vinakwama. Hizo ni cheche. Fundi grili alichomelea hapa bila kufunika kioo, cheche zikaruka zikazama humo humo. Hazitoki kwa sabuni, hazitoki kwa wembe, hazitoki kwa maombi. Usipovionyesha hivi vidoti asubuhi, jioni vinakuwa vya kwako.

Halafu jua. Hili wanaoanza hawalifikirii kabisa. Kioo chenye jua kinakausha maji kabla hujavuta, na sabuni iliyokaukia kwenye kioo ndiyo ile mistari inayokufanya ufute upya mara tatu. Kwa hiyo asubuhi naanza madirisha ya magharibi, mchana narudi ya mashariki. Na kuna ujanja wa huku kwetu: Moshi tupo kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua linapita upande wa mlimani, kaskazini, na Desemba linahamia kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli Desemba, Juni linawaka. Mteja wa kila mwezi, usimpangie ratiba moja mwaka mzima.

Vifaa, haraka haraka. Ndoo ya lita 10. Sponji au kile kibomba chenye manyoya cha kulowanishia. Mpira wa kuvutia maji wenye mpini. Wembe wa kukwangulia wenye kishikio chake, tena wembe mpya. Vitambaa: mikrofaiba, au fulana za pamba zilizofuliwa sana, mitumba ya soko la Memorial inatosha kabisa. Gazeti hapana. Najua bibi yako alitumia gazeti. Bibi yako alikuwa na vioo sita.

Sabuni ya kuoshea vyombo, matone machache tu kwa hiyo ndoo. Sabuni ya unga acha, ina chembe. Povu likijaa ndoo nzima umezidisha, mwaga uanze upya.

Sasa tusogee kwenye kioo. Naanza na vumbi: maji mengi, kutoka juu, yashuke yenyewe. Sisugui. Vumbi la taili na mchanga wa plasta ukiusugua mkavu umeshachora kioo cha mtu. Fremu na reli nilishazitoa uchafu kwa brashi, hiyo sihitaji kuwaonyesha.

Dogo, mbona naiona sura yako kwenye kioo? Simama pembeni. Hapo hapo.

Haya, wembe. Naomba hapa mtulie, hata kama unapika zima jiko.

Kabla ya kukwangua, angalia kona za kioo. Ukikuta kimuhuri kidogo, maandishi yaliyochapwa humo humo kwenye kioo, hicho ni kioo kilichopitishwa kwenye moto kikawa kigumu, mafundi wanaita tempa. Ndicho kinachowekwa kwenye milango ya vioo, bafuni, na uzio wa balkoni. Uso wake wakati mwingine unabaki na vichembe vidogo sana vya huko kilikochomewa, macho hayavioni. Wembe unaking'oa kichembe, unakiburuta, na mkwaruzo unaenda nao kioo kizima. Hicho usikipitishie wembe kabla hujakaa na mwenye nyumba mkaelewana, na makubaliano yawe ya maandishi. Kioo chenye tinti ya kubandika ndiyo usikiguse na wembe kabisa, utaichana.

Hiki changu ni cha kawaida. Nimekagua kona zote nne. Nalowanisha. Kioo kiwe na maji na sabuni, kila mahali, muda wote. Wembe unaulaza, usiusimamishe. Sasa angalieni mkono wangu: nasukuma mbele. Nanyanyua. Narudi juu juu, bila kugusa. Nasukuma mbele. Nanyanyua.

Usirudishe nyuma wembe ukiwa umegusa kioo. Narudia: usirudishe nyuma. Ukisukuma, uchafu unakaa mbele ya wembe. Ukivuta nyuma, punje ya mchanga inaingia chini ya wembe na unaiburuta kwa nguvu zako mwenyewe. Na hutauona huo mkwaruzo saa hiyo, kwa sababu kioo kina maji. Utauona kikikauka, jua likiwa limekaa pembeni, mwenye nyumba amesimama nyuma yako. Bei ya kioo cha sebuleni naijua, tusiulizane niliijuaje.

Mnaona? Rangi inatoka yenyewe. Saruji haitaki, kwa hiyo naiacha ilowe, naenda kipande kingine, narudi. Wembe ukianza kukwaruza sauti ya mchanga, simama, suuza, lowanisha tena. Wembe ukipata kutu, tupa. Wembe wa jana ulioachwa na maji una kutu hata kama huioni, tupa. Na dogo akishika... wewe, unarudisha nyuma! Nimekuona! Nyanyua! Haya, mmeona wenyewe, mkono unataka kwenda na kurudi, ndiyo tabia yake. Ndiyo maana nasema tena: mbele, nyanyua. Mbele, nyanyua.

Tumemaliza, jasho limenitoka. Sasa sehemu tamu.

Lowanisha kioo upya, maji masafi. Kwa kona ya mpira, vuta mstari mwembamba mkavu ukingoni juu, kisha futa mpira kwa kitambaa. Huo ukavu ndio mahali pa kuanzia, kwa sababu mpira ukianzia kwenye maji utatetemeka na kuacha mawimbi. Vuta chini, mpini umelala kidogo. Futa mpira. Mvuto unaofuata uufunike ukingo wa ule wa kwanza kama sentimita 5. Futa mpira. Maji yanayobaki chini, kitambaa kikavu, pita mara moja tu. Kile kitambaa cha fremu kisije huku.

Kuna ule mtindo wa kuzungusha mkono kama nyoka, kioo kizima bila kunyanyua. Nitawaonyesha siku nyingine. Mimi naupenda, ila anayeanza anaufanya apigwe picha.

Ukiona kamstari kamoja kanarudi palepale kila ukivuta, usiongeze sabuni. Mpira una jeraha. Chomoa, geuza upande wa pili, rudisha. Zamani vifaa hivi vilikuwa vya chuma kizito, vina skrubu kibao za kufungua kila ukitaka kubadilisha mpira. Huu mwepesi tunaoutumia leo chimbuko lake ni Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia Marekani, aliyeusajili mwaka 1936. Naye alikuwa msafisha madirisha. Mwenzetu.

Grili za ndani ndiyo zinachosha. Mpira mpana haupiti, kwa hiyo nina mmoja mfupi wa kupenya kati ya nondo. Wavu wa mbu toa kwanza, oshea kando, urudishe ukiwa umekauka, la sivyo unadondosha matope kwenye kioo ulichokimaliza.

Juu nimeweka ngazi. Kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita 1. Usiiegemeze kwenye kioo. Na kama chini ni taili, maji yenye sabuni yakimwagika unashuka, unafuta, ndipo unapanda tena. Dogo anashika, na simu anaiweka chini, kwa hiyo hapa hamtaona kitu. Nisubirini.

... Tumerudi. Bei sasa, maana ndiyo mnayoiuliza kila siku. Usikubali bei ya siku kwenye nyumba mpya, utakwangua saruji ya mtu mpaka giza kwa hela ileile. Hesabu vioo. Dirisha moja la kusukuma lina vioo viwili, kila kimoja kina ndani na nje, hapo una nyuso nne, pamoja na wavu na reli. Kukwangua rangi andika peke yake. Kwenye makubaliano weka na yale maji ya kutumia yanatoka wapi, kwa sababu nimeshafika nyumba bomba limekauka, na tangi halijafungwa.

Malizia kwa kumwita mwenye nyumba mtembee tena madirisha yote kabla hujafunga ndoo. Akionyesha doa, futa hapo hapo.

Mipira ya sentimita 35 na ya 45 ninayo, na wembe zenye kishikio. Wa Arusha tunaweka kwenye basi, inafika siku hiyohiyo. Andika hapo chini upo wapi na unataka saizi gani. Dogo, zima, chaji inaisha na bado tuna ghorofa ya pili.